Hague, Arusha, Goma, Paris au barazani: kesi ya mhalifu wa vita ipelekwe wapi?

Kila vita ikichacha huko Kongo, hapa Mwanza mjadala unaanza upya na jibu ni lile lile, "huyu apelekwe Hague tu." Yani Hague imekuwa dawa ya kila kitu, mtu kachoma kijiji, Hague, mwingine kaiba kura, Hague, mpaka pale Kirumba nimesikia mpangaji anamtishia mwenye nyumba Hague kisa kodi. Ukweli ni kwamba Hague ni njia moja tu na kwa watu wengi wa ukanda huu wala sio njia ya karibu. Zipo kama tano hivi, nyingi zimeshatumika kwetu au kwa majirani zetu kabisa, na kila moja ina mahali inang'ara na mahali inakwama. Naandika hasa kwa mwanafunzi wa sheria kule Malimbe anayehangaika na mada ya utafiti, kwa mtu aliyekimbia Kivu au Burundi anayeulizwa kila siku "mbona hamshtaki", na kwa mtu wa shirika aliyekusanya ushahidi wa kujaza kabati na hajui aupeleke wapi. Wabishi wa kijiweni nao karibuni.

Kosa lenyewe kwanza

Kuua vitani sio jinai kila mara, hapo ndio wengi wanapoteleza. Sheria za vita, yani ile Mikataba minne ya Geneva ya 1949 na protokali zake za 1977, haziwakatazi watu kupigana, zinasema mkipigana piga nini na usiguse nini. Mfano upo hapahapa kwetu. Machi 1979, vita ya Kagera imepamba moto, Gaddafi anambeba Amin, ndege ya Libya aina ya Tu-22 ikaja mpaka Mwanza kupiga matanki ya mafuta. Ikakosa. Mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane, enzi hizo hifadhi ya wanyama, swala wakafa na mfanyakazi mmoja akajeruhiwa kidogo. Stori ya kuchekesha ukiisikia kijuujuu, ila mpe mwanasheria aiangalie. Matanki ya mafuta yanayolisha jeshi ni shabaha halali, hapo hamna ubishi sana. Kukosea shabaha peke yake nako sio uhalifu wa kivita. Ingekuwa uhalifu kama rubani alijua kabisa wale ni raia na akawalenga hao hao, au kama yalimwagwa ovyo tu mjini bila kujali yanaangukia wapi, au kama faida ya kijeshi ilikuwa ndogo na raia wa kufa walijulikana watakuwa wengi kupita kiasi. Sasa hamisha matanki yale yale uyaweke katikati ya Mwaloni asubuhi watu wanashusha dagaa, uone hesabu inavyobadilika, japo matanki ni yale yale na rubani ni yule yule.

Kwa hiyo kabla hujauliza mahakama gani, jua tukio lako linaingia wapi. Uhalifu wa kivita, lazima kuwe na vita na tendo lifungamane na hiyo vita. Uhalifu dhidi ya binadamu, mashambulizi makubwa au ya kupangwa dhidi ya raia, hata kama vita hamna. Mauaji ya kimbari, kuna nia ya kuangamiza kundi kwa sababu ya taifa lao, kabila, rangi au dini. Nia hiyo ndio ngumu kuithibitisha kuliko vyote. Mtu akikuibia ng'ombe kipindi cha vita inaweza ikawa wizi tu wa kawaida na kituo cha polisi kinatosha.

Jambo lingine la kuweka pembeni mapema: kuna mahakama zinazoshughulika na nchi, sio watu. Kongo iliishtaki Uganda kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Haki, nayo iko Hague hiyo hiyo ndio maana watu wanachanganya, ikashinda 2005 na mwaka 2022 Uganda ikaambiwa ilipe dola milioni 325. Hakuna mtu hata mmoja aliyefungwa kwenye kesi ile, maana haikuwa kazi yake. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu pale Arusha nayo ni hivyo, inashtakiwa nchi. Na ukiwa na shauri dhidi ya Tanzania, ule mlango wa mtu binafsi kwenda pale moja kwa moja serikali yetu ilitangaza kuufunga 2019.

Vigezo ninavyotumia

Njia zote nitazipima kwa mambo matano. Moja, mamlaka, yani tukio limetokea wapi, lini, na mtuhumiwa ni nani. Mbili, nani anakamata. Tatu, inachukua muda gani. Nne, mwathirika anapata nini, kusikilizwa, fidia, au kuambiwa tu asante kwa ushahidi. Tano, shahidi anarudi nyumbani salama au harudi.

Kwangu mimi hicho cha pili ndicho baba lao. Amin alivamia Kagera 1978, watu wakauawa, nyumba zikachomwa, ng'ombe wakaswagwa kuvuka mpaka, jeshi letu likamtoa madarakani 1979, na bado akaishi zake Saudi Arabia mpaka alipokufa Agosti 2003 kitandani hospitalini Jeddah. Makosa yapo na mashahidi walikuwepo wa kumwaga, kilichokosekana ni wa kumkamata na wa kumpokea. Kwa hiyo ukiona mtu anabishana kuhusu mahakama ipi ina majaji wazuri kabla ya kuuliza mtuhumiwa yuko wapi leo, anaanzia mwisho.

Hague, yani ICC

ICC ni Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, na mamlaka yake yana uzio mkali. Haigusi chochote cha kabla ya tarehe 1 Julai 2002, kwa hiyo vita ya Kagera na Rwanda 1994 sahau. Lazima tukio liwe limetokea kwenye nchi mwanachama au limefanywa na raia wa nchi mwanachama, la sivyo Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipeleke lenyewe. Tanzania, Uganda, Kenya na Kongo ni wanachama, Rwanda sio. Burundi ilijitoa Oktoba 2017, ila yale yaliyotokea kabla hajatoka bado yapo mikononi mwa mahakama, hilo Warundi wengi hawaambiwi. Na mtu wa nchi isiyo mwanachama akifanya uhalifu ndani ya Kongo anashikika, maana kinachoangaliwa ni ardhi. Na ICC inaingia pale tu nchi husika ikiwa haitaki au haiwezi kushtaki kiukweli, haichukui kesi kwa sababu tu wewe huipendi mahakama ya kwenu.

Kukamata sasa. Haina polisi hata mmoja. Joseph Kony, kiongozi wa LRA, wale waasi wa Uganda, hati yake ilitoka 2005 mpaka leo hajatiwa mkononi. Bosco Ntaganda, kamanda wa waasi Kongo, hati ya kwanza ilitoka 2006, akaendelea na maisha, akapewa ujenerali kwenye jeshi la Kongo, yuko Goma anaonekana na watu, mpaka Machi 2013 alipoingia mwenyewe ubalozi wa Marekani Kigali akaomba apelekwe. Hukumu ikaja 2019, makosa 18, miaka 30. Dominic Ongwen wa LRA alijisalimisha 2015, akahukumiwa 2021 miaka 25. Kwa hiyo ukihesabu toka kukamatwa mpaka hukumu, miaka sita hivi, halafu rufaa. Na rufaa sio urembo tu, Jean-Pierre Bemba, aliyewahi kuwa makamu wa rais wa Kongo, alipewa miaka 18 mwaka 2016, waathirika zaidi ya 5,000 wameshiriki kesi, 2018 rufaa ikamwachia huru. Zile kesi za Kenya mnazikumbuka, ya Kenyatta ilifutwa Desemba 2014 na ya Ruto ikaishia Aprili 2016, mwendesha mashtaka analalamika mashahidi wameguswa wengine wamegeuka. Pale kigezo cha tano kiliua kesi zima zima.

Uzuri wake ni kwamba mwathirika ana kiti. Anawakilishwa na mwanasheria, hoja zake zinasikika, na mshtakiwa akitiwa hatiani kunafuata hatua ya fidia. Ila msiwaze mamilioni kwa kichwa. Kesi ya Germain Katanga, kiongozi wa wapiganaji kule Ituri, Kongo, waathirika 297 walipangiwa dola 250 kila mmoja kama ishara tu, pamoja na misaada ya pamoja ya makazi, shule na ushauri nasaha. Hela yenyewe ikatoka kwenye mfuko wa mahakama maana mshtakiwa hana kitu. Kuna wanaosema hiyo ni dharau na kuna waliosema angalau jina langu limeandikwa, wote nawaelewa.

Inamfaa nani? Aliyeumizwa na kamanda mkubwa, kundi kubwa, na serikali ya kule haina mpango wa kumgusa. Yule askari wa kawaida aliyekuingilia ndani na bunduki haitakaa imtafute. Nyavu ya sangara ile, dagaa wanapita.

Mahakama maalum: Arusha na Dakar

Hii ni mahakama inayoundwa kwa ajili ya jambo moja, ikiisha kazi inafungwa. Yetu ya Arusha iliundwa na Baraza la Usalama Novemba 1994 kwa ajili ya Rwanda na ikafungwa mwisho wa 2015. Watu wa ziwa hawahitaji kuelezwa sana kwa nini, miili iliteremka na mto Kagera mpaka ziwani, upande wa Uganda kule Kasensero na Lambu wakaizika kwa maelfu na kwa muda watu wakaogopa hata samaki.

Mamlaka yake yalikuwa ni matukio ya mwaka 1994 tu, Januari mpaka Desemba. Kwenye kukamata ilikuwa na nguvu kuliko ICC kwa sababu nchi zote za Umoja wa Mataifa zililazimika kushirikiana nayo, na kweli iliwapata wazito, waziri mkuu mzima Jean Kambanda akakiri na kufungwa maisha, mawaziri, makanali, na wale wa RTLM, redio iliyochochea mauaji. Walioshtakiwa ni 93, waliohukumiwa vifungo 62, na 14 wakaachiwa. Hao walioachiwa nao ni stori, wengine walikaa Arusha miaka kwenye nyumba ya uangalizi kwa kukosa nchi ya kuwapokea, Desemba 2021 wakapelekwa Niger. Kushinda kesi halafu huna pa kwenda, aisee.

Kuna kitu kimoja cha pale Arusha nataka mkione kwa karibu. Kesi ya Jean-Paul Akayesu, meya wa Taba kule Rwanda, ilianza bila shtaka la ubakaji hata moja. Kesi imeshakolea, shahidi mmoja mama, akiwa anaulizwa mambo mengine, akasema kuhusu mtoto wake mdogo wa kike alivyobakwa. Majaji wakaanza kuuliza zaidi, mmoja wao ni Navi Pillay, mwanamke pekee kwenye jopo lile, wakaja mashahidi wengine, mwendesha mashtaka akabadilisha hati Juni 1997. Tarehe 2 Septemba 1998 ikatoka hukumu ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa mauaji ya kimbari, na ndani yake ubakaji ukatambuliwa kuwa unaweza kuwa tendo la kimbari. Wale akina mama hawakutajwa majina, walipewa herufi, ukisoma hukumu utakutana na J, JJ, basi. Mambo yale yanafundishwa dunia nzima na yametokea pale Arusha, jengo la AICC, kile kituo cha mikutano ya kimataifa, tunapita kwa miguu.

Upande wa pili wa shilingi: waathirika hawakuwa na kiti kama cha Hague, walikuja kama mashahidi na kurudi, fidia hamna kabisa. Na haikumshtaki hata mmoja wa upande ulioshinda vita ile, lawama hiyo haijafutika mpaka leo. Muda nao ni miaka ishirini na kitu na mabaki bado yapo. Félicien Kabuga, mfanyabiashara aliyetuhumiwa kufadhili mauaji yale, alikamatwa karibu na Paris Mei 2020 baada ya kujificha zaidi ya miaka ishirini, kesi ikaanza 2022, mwaka uliofuata ikaonekana akili imechoka hawezi kushtakiwa. Fulgence Kayishema, mtuhumiwa mwingine wa mauaji yale, alikamatwa Mei 2023 Afrika Kusini.

Dakar ni aina nyingine, mahakama ya Senegal iliyowekewa sura ya Afrika kwa makubaliano na Umoja wa Afrika kumshughulikia Hissène Habré, rais wa zamani wa Chad. Hapo waathirika ndio walioisukuma. Souleymane Guengueng alikuwa mtu wa ofisini tu, akafungwa na watu wa Habré, akaapa akitoka hai atasema, akatoka, akaanza kukusanya maelezo ya wenzake moja moja, akafikisha 792 na kuyaficha nyumbani kwake miaka kadhaa. Malalamiko yakafunguliwa Dakar 2000, Habré akakamatwa 2013, kifungo cha maisha Mei 2016. Miaka 16 ya kusukuma. Fidia iliyoamriwa ni zaidi ya bilioni 82 za faranga, na miaka ikapita watu wanaisubiri.

Tatizo la njia hii ni moja kubwa: wewe na mimi hatuwezi kuianzisha. Inahitaji marais wakubaliane, na marais wakishakubaliana wanakubaliana kumshtaki aliyeshindwa. Kwa mtu wa kampeni, mwenye muda na wenzake wengi, inafaa. Kwa mtu mmoja na kesi yake, hapana.

Mahakama za nchi yenyewe

Hii inadharauliwa kupita kiasi. Tarehe 1 Januari 2011 askari wa jeshi la Kongo walivamia mji wa Fizi wakabaka wanawake wengi usiku ule. Mahakama ya kijeshi inayotembea ikafunga safari mpaka Baraka, pale kando ya ziwa Tanganyika, wanawake wakatoa ushahidi mlangoni kwao na kwa lugha yao, na tarehe 21 Februari Luteni Kanali Kibibi Mutware akapewa miaka 20. Chini ya miezi miwili! Hague ungekuwa bado unatafuta mkalimani. Kesi ya Kavumu, Kivu Kusini, watoto wadogo kabisa walikuwa wanaibwa usiku na kubakwa, Desemba 2017 mbunge wa mkoa na wenzake kumi wakafungwa maisha kwa uhalifu dhidi ya binadamu. Sheka, yule kiongozi wa waasi, Goma, kifungo cha maisha Novemba 2020.

Lakini pia kesi ya Minova, hukumu ya 2014, askari kibao kizimbani na waliotiwa hatiani kwa ubakaji ni wawili tu. Uganda nako, Thomas Kwoyelo wa LRA alikamatwa 2009 na hukumu ikaja 2024, miaka 40 jela. Kwa hiyo muda ni bahati nasibu, wiki saba au miaka kumi na tano.

Kukamata ni rahisi hapa kuliko kokote, polisi wapo, jela ipo, mradi tu mtuhumiwa asiwe mtu wa mfumo. Akiwa jenerali mwenye namba ya simu ya waziri, hapo utasubiri. Fidia mahakama za Kongo zinaamuru kwa jina na kwa kiasi, kuilipa ndio shughuli, hukumu unayo mkononi na hela hupati. Na shahidi anaishi mtaa mmoja na shemeji wa mtuhumiwa. Kama eneo lenyewe limetekwa na waasi, jaji amekimbia na mafaili yamechomwa, njia hii kwa sasa imekufa mpaka hali itulie.

Mahakama za ugenini

Nchi kadhaa za Ulaya zinashtaki mtu kwa uhalifu wa aina hii hata kama ulifanyika mbali, mradi tu mtu mwenyewe yuko kwao au anaishi kwao. Ubelgiji mwaka 2001 ilifunga masista wawili wa Kinyarwanda. Ufaransa, kwa mauaji yale yale ya Rwanda, ilimpa Pascal Simbikangwa miaka 25 mwaka 2014, halafu daktari Sosthène Munyemana Desemba 2023 miaka 24. Huyo daktari malalamiko dhidi yake yalipelekwa 1995, miaka 28 ikapita mpaka hukumu, na sehemu ya muda huo alikuwa anatibu watu tu huko.

Ujerumani ndio ilinishangaza zaidi. Anwar Raslan alikuwa kanali wa usalama Syria, akakimbia kama wakimbizi wengine, na kwenye kituo cha wakimbizi Berlin akaonwa na mwanasheria ambaye Raslan huyo huyo aliwahi kumkamata kule kwao. Sura ikamjia, jina likaja baadaye. Raslan akakamatwa 2019, Januari 2022 mahakama ya Koblenz ikampa maisha. Ndani ya miaka mitatu, kwa kesi ya nchi ambayo sio mwanachama wa ICC na Baraza la Usalama limekwama kuipeleka.

Nguvu ya njia hii ni kwamba mtuhumiwa yupo palepale, polisi wa huko wanafanya kazi, na mashahidi wengi nao ni wakimbizi palepale kwa hiyo hofu inapungua kidogo. Nchi nyingi hizo mwathirika anaingia kesini kama mdai. Udhaifu ni lugha, jaji anayeuliza kwa nini hukumbuki tarehe wakati kwenu mlikuwa mnahesabu kwa misimu ya mvua, na familia zilizobaki kijijini zinakuja kusikia hukumu redioni kama sisi wengine. Na mtuhumiwa akiwa bado anakula bata Bunia, hii njia haikusaidii chochote, subiri asafiri.

Kwa mtu wa huku ambaye ndugu zake wako Lyon au Brussels na mmoja kamwona fulani kanisani, hii ndio ya kwanza kufikiriwa kabla hata ya Hague.

Barazani: gacaca na mapatano

Rwanda ilibaki na mahabusu zaidi ya laki moja, mahakama za kawaida zingewahukumu mpaka wote wafe. Wakafufua gacaca, watu wa kijiji wamekaa nyasini, majaji wamechaguliwa na wanakijiji wenyewe, mwanasheria hamna, anayekiri anapunguziwa na sehemu ya kifungo anafanya kazi za jamii. Toka 2005 nchi nzima mpaka Juni 2012 zikapita kesi karibu milioni mbili. Weka hiyo pembeni ya 93 za Arusha.

Hakuna njia nyingine iliyowaambia watu mzazi wao alizikwa shimo lipi. Wengi walikuwa wanataka hilo tu, miaka ya kifungo walishakata tamaa nayo. Ila shahidi anasimama mbele ya majirani bila pazia, na wapo waliouawa kwa sababu ya walichosema, na wapo walioshtakiwa kwa ugomvi wa shamba. Makosa ya wanajeshi wa upande wa serikali hayakuguswa humo. Kesi za ubakaji zilipoletwa gacaca 2008 zilisikilizwa faragha, lakini kwenye kijiji kila mtu anajua nani kaitwa leo. Waacholi kule Uganda wana mato oput, koo mbili zinakubali kosa, malipo yanatolewa, wanakunywa pamoja. Inatengeneza uhusiano, haimfungi mtu, na kwa kamanda aliyeua koo hamsini sijui atakunywa na nani.

Ukibanwa kuchagua

Mtuhumiwa yuko Ulaya: tafuta mwanasheria au shirika la huko linalofanya kesi hizi, nchi ile ile aliyopo. Yuko Kongo au Uganda na sio mtu wa mfumo, mahakama za kule kwanza, ni karibu na ushahidi haujapoa. Yuko kule na ni mkubwa hagusiki, na tukio ni baada ya Julai 2002, hapo ndio Hague, na mtu yeyote anaweza kupeleka taarifa kwa ofisi ya mwendesha mashtaka bila kupitia serikali, usisubiri barua ya balozi. Tukio ni la zamani kabla ya 2002, Hague usijisumbue, zimebaki mahakama za nchi na za ugenini, maana uhalifu huu nchi nyingi hauozi. Unachotaka ni kujua mwenzio alizikwa wapi na waliofanya bado ni majirani zako, baraza lina faida kuliko jaji wa Ulaya, ila kama ni kesi ya ubakaji fikiria mara mbili nani atakuwa amekaa pale.

Kwa mwanafunzi, kama ni mada ya utafiti ningekushauri mahakama zinazotembea za Kongo, Hague wameshaiandika mpaka imechoka na maktaba zimejaa. Kama ni mdahalo, chukua Habré, utawapiga pande zote mbili.

Na kabla hujafika kwenye mahakama yoyote, andika maelezo yako sasa hivi. Jambo ulilolishuhudia mwenyewe weka tofauti na ulilosimuliwa. Sare zilikuwa rangi gani, walizungumza lugha gani wao kwa wao, nani alikuwa anatoa amri na wenzake walimwitaje, ilikuwa kabla au baada ya mavuno kama tarehe hukumbuki. Hapo kwenye nani alitoa amri ndipo kesi za makamanda zinapofia, maiti zinathibitika kirahisi ila mnyororo wa kutoka kwenye bunduki mpaka kwa mkubwa ndio haupatikani. Picha acha ile ile ya kwenye simu iliyopiga, ukiituma WhatsApp inabanwa na taarifa za lini na wapi zinapotea, na usiihariri hata kuikata pembeni. Nakala nyingine iwe kwa mtu asiyeishi na wewe. Halafu usiirushe kwenye magrupu, maana mwenye sura ile naye yumo kwenye magrupu.